Aliyeiokoa Serengeti hakumwona mchungaji

Kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kando ya barabara ya vumbi jekundu ambapo magari ya watalii husimama dakika tano kisha yakaendelea na safari, pana mnara mdogo wa mawe uliojengwa mfano wa piramidi. Chini yake wamelala baba na mwana. Nilifika hapo mara ya kwanza mwaka 1994, nikiwa na wanafunzi wa kidato cha tatu ambao nilikuwa nimewavusha mpaka wa Namanga kwa basi lililokuwa na shida ya gia. Kulikuwa na ukungu na baridi kali, na kreta yenyewe hatukuiona hadi saa nne. Wanafunzi walitoa madaftari wakanakili maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe. Mmoja wao, kijana wa Kimaasai kutoka upande wa Mara, hakunakili. Aliniuliza kama wazee waliokuwa wakichunga mahali pale kabla ya Wazungu wale wawili nao wamejengewa mnara. Nilimjibu kama tujibuvyo sisi walimu tusipokuwa na jibu, kwamba tutalizungumza darasani. Hatukulizungumza. Nimekuwa nikilibeba swali hilo kwa zaidi ya miaka thelathini, na leo naomba ruhusa ya msomaji nilitue hapa.

Baba aliitwa Bernhard Grzimek, jina ambalo wanafunzi wangu walilitafuna kama mfupa bila ya kulimeza. Alizaliwa tarehe 24 Aprili 1909 katika mji wa Neisse, ambao wakati huo ulikuwa wa Ujerumani na leo umo nchini Poland kwa jina la Nysa. Alisomea udaktari wa mifugo, akaajiriwa katika wizara ya serikali iliyoshughulika na chakula na kilimo. Wasifu wa mtu huandikwa kwa ukweli au usiandikwe, na kwa hiyo sharti niseme kwamba mwaka 1937 alijiunga na chama cha Nazi, jambo ambalo baada ya vita hakupenda kulikiri.

Vita vilipomalizika mwaka 1945 aliteuliwa kuiongoza bustani ya wanyama ya Frankfurt. Bustani yenyewe ilikuwa jina tu. Mabomu yalikuwa yameiteketeza, na wanyama waliosalia hai walikuwa wachache mno. Watu wa mji walikuwa wakilala na njaa, na mwenye busara angalisema kuwa huo si wakati wa kulisha viboko. Grzimek alifungua milango ya bustani hiyo kabla ya mwaka huo kwisha nusu ya pili, akaleta maonyesho ya sarakasi na burudani nyingine ndani ya ua wake ili watu walipe kiingilio. Hapo ndipo naona mwanzo wa mambo yote aliyoyafanya baadaye. Alitambua mapema kuliko wengi kwamba mnyama asiyeleta fedha mlangoni hana mtetezi wa kudumu. Aliiongoza bustani hiyo hadi mwaka 1974.

Kwa Wajerumani wa kawaida, hata hivyo, alijulikana zaidi kwa televisheni. Kuanzia mwaka 1956 alikuwa na kipindi chake kuhusu wanyama, na kipindi hicho kiliendelea kwa takriban miaka thelathini. Alikaa mezani na tai yake shingoni, akizungumza taratibu kwa sauti ya puani, na mara nyingi mnyama hai, duma au sokwe mdogo, alikuwa akitambaa mabegani mwake au akivuruga karatasi zake. Mwishoni mwa kipindi aliomba michango kwa ajili ya uhifadhi, na fedha ziliingia kwa wingi.

Mwanawe Michael alizaliwa mwaka 1934. Pamoja walitengeneza filamu kuhusu wanyama wa Afrika waliokuwa wakikosa mahali pa kuishi, ikatoka mwaka 1956 na kuwapa faida nono. Fedha hizo walitaka kuzitumia kununua ardhi ya kuongeza ukubwa wa mbuga ya Serengeti. Mkuu wa mbuga za taifa za Tanganyika, Peter Molloy, aliwashauri jambo jingine. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikijiandaa kuchora upya mipaka ya Serengeti, ilhali hapakuwa na mtu aliyejua kwa hakika wanyama ni wangapi wala huhama kwenda wapi. Je, wasingeweza kuwahesabu?

Baba na mwana walijifunza urubani. Mwishoni mwa mwaka 1957 waliondoka Frankfurt kwa ndege ndogo aina ya Dornier waliyoipaka milia myeusi na myeupe kama pundamilia, wakaja nayo hadi Serengeti. Waliigawa nchi vipande vipande, wakawa wanaruka chinichini wakienda na kurudi juu ya kila kipande huku wenzao wakihesabu kupitia madirishani. Walipata jumla ya wanyama wakubwa takriban 367,000, na kati yao nyumbu walikuwa karibu 99,500. Aidha, waliwakamata baadhi ya wanyama na kuwafunga mikanda ya rangi shingoni ili waweze kuwatambua kutoka angani na kujua mwendo wao. Walichuma hata majani, yakapimwa ili ijulikane kwa nini nyumbu huacha malisho marefu na kuyafuata yale mafupi ya uwanda wa mashariki. Walichokigundua ni kwamba makundi hayo hukaa miezi mingi nje ya mipaka iliyokuwa ikikusudiwa. Wakubwa walikuwa wakichora mstari ramani, na nyumbu hawasomi ramani.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa akiruka peke yake kurudi kambini. Tumbusi mmoja aliligonga bawa la ndege, na ndege ikaanguka. Alikuwa na umri wa miaka 24, akiwa ameacha mke na mtoto. Walimzika kwenye ukingo wa kreta. 

Mtu mwingine angaliiacha Afrika kwa uchungu. Grzimek aliimaliza filamu waliyokuwa wameianza pamoja, iliyobeba wito kwamba Serengeti isife, akachapisha na kitabu chenye jina hilohilo. Mnamo 1960 filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar kwa filamu za matukio ya kweli. Kitabu kilitafsiriwa katika lugha nyingi. Ni vigumu kumweleza kijana wa leo jinsi kazi hiyo ilivyobadilisha mambo; kabla yake Serengeti ilikuwa jina la mahali pa wawindaji wachache na maofisa wa kikoloni, na baada yake ikawa mali ya fikira za watu ambao hawangefika huko kamwe. Kuhusu mipaka alishindwa. Mwaka huohuo wa 1959 sheria iliitenga Ngorongoro na Serengeti, uwanda wa mashariki ukatolewa ndani ya mbuga, na sehemu ya kaskazini hadi mpaka wa Kenya ikaongezwa.

Sasa nifike kwenye kisa ambacho nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu kwa furaha kisha nikijuta, maana mwalimu hapaswi kusifu uongo. Tanganyika ilikuwa ikikaribia uhuru, nao ulipatikana Desemba 1961. Grzimek alijua kuwa serikali mpya yenye watoto wasio na shule na vijiji visivyo na zahanati haingeweza kutunza nchi nzima ya wanyama kwa ajili ya kufurahisha macho ya Wajerumani. Lazima wanyama walete fedha za kigeni. Lakini watalii hawakuwapo. Safari ya Afrika Mashariki ilikuwa ya matajiri wenye bunduki. Basi jioni moja, katika kipindi chake, aliwatangazia watazamaji kwamba sasa inawezekana kusafiri Afrika Mashariki kwa majuma matatu kwa marki 2,100. Safari hiyo haikuwapo. Aliitunga. Kesho yake mawakala wa usafiri walisongwa na watu waliotaka tikiti, na kwa kuwa mfanyabiashara hawezi kumfukuza mteja mwenye fedha mkononi, waliianzisha safari ambayo tayari ilikuwa imetangazwa. Waama, sehemu ya utalii wa makundi tuuonao Mombasa, Mara na Arusha ina asili yake katika uongo ule mmoja.

Mwalimu Nyerere, ambaye inasimuliwa kuwa hakuwa na hamu yoyote ya kutumia likizo yake kutazama mamba, aliuelewa upesi mantiki ya jambo hili. Mnamo Septemba 1961, katika mkutano wa Arusha, alitoa tamko la kuahidi kwamba serikali yake itawalinda wanyamapori na makao yao, na kuomba mataifa mengine yasaidie kwa wataalamu na fedha. Ahadi hiyo ilitunzwa na nchi maskini kwa kujinyima kwingi, na nadhani sisi Wakenya hatujawapa jirani zetu sifa wanayostahili kwa hilo. Grzimek kwa upande wake alichanga bila ya kuchoka kupitia shirika la wanazuolojia la Frankfurt ambalo hadi leo linagharimia kazi nyingi za Serengeti. Maabara ya utafiti yenye jina la mwanawe ilijengwa humo. Katika kutafuta hifadhi za wanyama hakuchagua sana wa kuzungumza naye. Alishirikiana hata na Idi Amin, na watu wa kwao walimlaumu kwa hilo. Kwao vilevile alipigana na ufugaji wa kuku katika vizimba na uwindaji wa sili. Alifariki Frankfurt tarehe 13 Machi 1987, akiwa ameketi na watoto kwenye sarakasi wakitazama chui milia. Majivu yake yaliletwa Ngorongoro akazikwa kando ya Michael.

Huo ndio wasifu wake kama nilivyoweza kuusimulia mwaka 1994. Sehemu ambayo sikuisimulia ndiyo aliyoiuliza yule kijana.

Mbuga ya Serengeti haikuwa nchi tupu. Wamaasai walikuwa wakilisha ng'ombe katika nyanda zile na kunywesha kwenye visima vyake, na ikiwa nyumbu na pundamilia walikuwapo kwa maelfu alipofika Grzimek na ndege yake, ni kwa sababu waliokuwa wakiishi nao hawakuwamaliza. Mwaka 1958 wazee wa Kimaasai walitia sahihi mkataba wa kuiacha Serengeti, wakaahidiwa kuwa Ngorongoro wataishi pamoja na mifugo yao. Grzimek aliona hata hiyo Ngorongoro kuwa hasara. Imani yake ilikuwa kwamba mbuga ya taifa sharti iwe bila ya watu, wawe wageni au wenyeji, na kwamba ng'ombe ni adui wa nyumbu. Aliwahesabu wanyama wote wa nchi ile isipokuwa mchungaji, ambaye katika hesabu yake alikuwa tatizo la kuondolewa.

Na hapa ndipo historia ilipomsuta, tena kwa jambo ambalo yeye kama daktari wa mifugo angalipaswa kulitambua kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya sitini hesabu zilizofuata zilikuta nyumbu takriban robo milioni. Kufikia mwaka 1977 walikuwa wamepita milioni moja. Ni nini kilichowazidisha hivyo? Si askari wa mbuga, ingawa walifanya kazi kubwa, wala si filamu. Ni chanjo ya sotoka. Ugonjwa huo uliingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya kumi na tisa ukawafyeka ng'ombe, nyati na nyumbu pamoja, na ndama wa nyumbu waliendelea kufa kila mwaka kwa sababu uliishi katika ng'ombe waliowazunguka. Ng'ombe wa wafugaji walipochanjwa, ugonjwa uliwatoka nyumbu bila ya nyumbu hata mmoja kudungwa sindano. Afya ya zizi la mchungaji ilikuwa ndiyo afya ya mbuga. Sijui somo la biolojia lililo bora kuliko hili, na bado sijaliona likifundishwa hivyo.

Kwetu Kenya jambo hili halina uchaguzi. Hifadhi ya Maasai Mara iliwekwa mwaka 1961 chini ya baraza la wilaya ya Narok, lakini ni kipande kidogo tu cha nchi ambayo nyumbu huitumia, na takriban theluthi mbili ya wanyamapori wetu wako nje ya mbuga na hifadhi za serikali, katika mashamba ya watu. Kati ya mwaka 1977 na 2016 wanyamapori wa nyanda zetu za malisho walipungua kwa wastani wa asilimia 68, na hii ni katika miaka ambayo watalii walikuwa wakiongezeka. Nyumbu wa Loita, ambao walikuwa na msafara wao wenyewe wa kuja Mara, wamebaki sehemu ndogo ya walivyokuwa, kwa sababu ya mashamba ya ngano kwanza na nyua za seng'enge baadaye. Fedha za mgeni ziliingia langoni mwa hifadhi zikaishia mahotelini na ofisini. Mwenye shamba alilolila pundamilia alipata hasara. Ikiwa mnyama asiyeleta fedha hana mtetezi, kama Grzimek alivyojua tangu Frankfurt, basi ng'ambo ya lango la Mara hapakuwa na mtetezi.

Jaribio la kulirekebisha hilo lilianza polepole. Mwaka 1996 Wamaasai wa Il Ngwesi, Laikipia, walifungua nyumba ya wageni iliyo mali ya jamii yenyewe. Kandokando ya Mara, baada ya ranchi za jumuiya kugawanywa na kila familia kupewa hati yake, wenye ardhi walianza kuziunganisha tena ekari zao kwa mkataba: Ol Kinyei mwaka 2005, Olare Orok mwaka uliofuata, kisha Mara North na Naboisho. Wenye kambi za wageni huwalipa kodi kila mwezi, iwe wageni wamekuja au hawakuja, na idadi ya mahema ina kikomo. Olare Orok walikubaliana hema moja kwa kila ekari 700. Ng'ombe huruhusiwa kwa zamu. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ilizitambua hifadhi hizi za jamii. Huu ndio utalii unaojali mazingira ambao wanafunzi huulizwa katika mitihani, na jibu sahihi halimo katika choo cha mboji wala taa za jua zinazosifiwa kwenye vijitabu vya hoteli. Limo katika swali la nani anapokea kodi, na nani ana kauli juu ya majani.

Kwamba swali hilo bado halijajibiwa, tuliona mwaka 2022. Ng'ambo ya mpaka wetu, huko Loliondo, serikali ya Tanzania ilipoweka vigingi kutenga kilomita za mraba 1,500 kwa ajili ya wanyama, wafugaji walipinga, askari mmoja akauawa, watu wengi wakajeruhiwa, na maelfu wakakimbilia Narok. Mwaka huohuo wenyeji wa Ngorongoro walianza kuhamishiwa Msomera, wilaya ya Handeni, wengine kwa hiari na wengine, kwa maneno yao, kwa kukatiwa huduma. Wanaotetea uhamisho huo wanataja idadi ya watu, kwamba mwaka 1959 walikuwa kama 8,000 na sasa wamepita laki moja. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini mkataba wa 1958 haukusema kuwa ahadi ingekwisha watoto wakiongezeka.

Yule kijana wa mwaka 1994 leo ni mzee wa boma, mwenye ekari 150 katika mojawapo ya hifadhi hizo za jamii za Mara. Tumebaki marafiki, huniita mwalimu, nami humwita baba fulani kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mwaka 2020, korona ilipofunga viwanja vya ndege, kodi yake ya ardhi ilipunguzwa, na ndipo tulipogundua sote wawili udhaifu wa nyumba iliyojengwa juu ya nguzo moja. Aliuza ng'ombe saba kulipa karo. Jirani yake hakuwa na ng'ombe wa kutosha. Alikodisha ekari zake kwa mtu aliyezizungushia seng'enge, na mwaka uliofuata pundamilia wawili walikutwa wamekufa wamenasa humo.

Mkataba wake wa miaka kumi na mitano umefikia mwisho, naye anatakiwa kutia sahihi upya. Alinipigia simu juma lililopita tukazungumza hadi salio likakatika. Ana masharti mawili. Kodi isishuke chini ya kiwango fulani hata katika mwaka usio na wageni, nusu yake ikiwekwa akiba tangu sasa; na wakati wa ukame ng'ombe waingie kwenye majani bila ya mtu kuombwa radhi. Amemwandikia mwenye kambi barua kwa mkono wake, akaniomba niisahihishe Kiingereza chake. Niliirudisha na masahihisho mawili ya nukta. Jibu halijaja, na nyumbu, aliniambia, wameanza kuvuka mto.